Mwongozo kamili: kumsaidia ndugu wa mtoto mwenye ulemavu ndani ya nyumba

Wazazi wengi hapa Zanzibar huanza kwa nasaha. Mtoto asiye na ulemavu hukalishwa chini, akaambiwa "huyu ni nduguyo, mvumilie, msaidie". Nyumba hutulia siku mbili tatu. Wiki ya pili ugomvi umerudi, madaftari yamechanwa, mwalimu analalamika, na wazazi wanaanza upya kwa nasaha ndefu zaidi.

Kinachoharibu ni mpangilio. Nasaha zimetangulia, na muda wa mtoto umeachiwa dakika zitakazobaki mwisho wa siku. Nyumba yenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kifafa, usonji au ulemavu wa akili haibakizi dakika. Hapa tunaanza kwa kupunguza mzigo, kisha muda, kisha ndipo maelezo. Usiruke hatua, mtoto aliyechoka hasikii maelezo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari moja na kalamu.
- Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu. Utaihitaji kwa kuhesabu bamvua (siku ambazo maji ya bahari hujaa na kukupwa sana) na kwa Ramadhani.
- Sanduku au kabati dogo lenye kufuli na funguo mbili.
- Simu yenye kengele.
- Mtu mzima mwengine mmoja: bibi, shangazi, mama mdogo, ami au jirani wa karibu. Awe ameshajifunza kumlisha na kumkalisha mtoto mwenye ulemavu mbele ya macho yako, angalau mara tatu. Huyu akikosekana, hatua ya 2 haitafika wiki moja.

Jipe wiki 6 mpaka 8 kwa hatua 5 za mwanzo.

## Hatua ya 1: Upime mzigo kwa siku 7

Chora daftari safu nne: siku, kazi, dakika, na mtu mzima aliyekuwepo. Andika kila kazi ambayo ndugu anaifanya kwa ajili ya mwenzake: kumlisha, kumuogesha, kumbeba, kumfuatia dawa, kumtetea njiani. Usisahau kumtazama. "Mtazame mwenzio naweka chungu" haihesabiwi kuwa kazi, na ndiyo inayokula saa nyingi kuliko zote.

Mwambie mtoto kwa nini unaandika, asije akadhani anachunguzwa.

Chagua wiki ya kweli. Kama nyumba inaishi kwa kulima mwani, iwe wiki yenye bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Siku hizo maji hukupwa mnamo saa 4 na saa 5 asubuhi, mama anateremka pwani, na saa hizo ndizo za skuli. Anayebaki nyumbani na mtoto mara nyingi ni binti mkubwa. Pemba hali ni hiyohiyo msimu wa karafuu: mchana watu wazima wako mikarafuuni, usiku kuna kuchambua. Ukipima wiki iliyotulia utapata hesabu nzuri isiyo na ukweli.

Siku ya nane kaeni wazazi wote wawili mugawe kazi katika mafungu matatu.

Za mtoto. Kucheza naye, kumsomea kitabu, kumletea kikombe, kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka barazani. Kwa aliye chini ya miaka 12 tunapendekeza zisizidi nusu saa kwa siku.

Za zamu. Kumtazama uani dakika 20, mtu mzima akiwa ndani ya nyumba na anasikia akiitwa.

Za mtu mzima peke yake. Hapa pasiwe na mjadala:

- Kupima na kutoa dawa ya kifafa. Dozi ikisahauliwa na degedege likaja, mtoto ataibeba lawama hiyo miaka mingi, hata kama hakuna aliyemlaumu.
- Kumlisha mtoto anayepaliwa. Mwenye shida ya kumeza anatakiwa akae wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, na abaki wima karibu nusu saa baada ya kula. Mtoto wa miaka 8 mwenye haraka ya kwenda chuoni, yaani madrasa, atamlaza amtie uji mdomoni, na uji utaingia mapafuni.
- Kumnyanyua mtoto mzito. Mgongo unaokua unaumia polepole, na mtoto hasemi.
- Kumuogesha na kumbadilisha nguo mtoto aliyekaribia kubaleghe. Ni stara na ulinzi wa watoto wote wawili.
- Kuamka naye usiku.

Daftari litakuonesha jambo jengine: kazi nyingi zimemwangukia mtoto wa kike hata pale ambapo kuna kaka mkubwa kuliko yeye. Baba alisome daftari mwenyewe, asisimuliwe.

Panapokwama: familia inagawa kazi vizuri halafu bamvua linakuja na mambo yanarudi pale pale. Tia duara siku za bamvua kwenye kalenda mwezi mzima kabla, na mbele ya kila duara andika jina la mtu mzima atakayebaki. Kama hakuna jina, mama huyo asiteremke siku zote. Achague siku za kuvuna, nyengine azisaidiane na wenzake wa shambani. Inauma kifedha, tunajua. Lakini binti anayekosa skuli siku kadhaa kila bamvua anakosa mara mbili kwa mwezi, mwaka mzima.

*Utajua umefaulu* ukipita mwezi mmoja, bamvua zote mbili zikiwemo, bila mtoto kukosa skuli wala chuo kwa sababu ya kumuuguza mwenzake.

## Hatua ya 2: Mpe dakika 15 zake, siku 4 kwa wiki

Ufunge muda huo na sala, kwa sababu adhana haisahauliki. Kwa anayesoma skuli asubuhi na chuoni jioni, baada ya Isha ndio muda unaoshika. Anayekwenda skuli mkondo wa mchana apewe asubuhi. Weka kengele ya simu, mkabidhi mtoto mwenye ulemavu kwa yule mtu mzima wa pili, na mutoke nje ya chumba hicho.

Mtoto achague la kufanya: karata, kutembea mpaka dukani, kwenda kunywa urojo, kukaa tu. Kwa wasichana, kusuka nywele ni bora kuliko mazungumzo ya uso kwa uso. Mtoto amekupa kisogo, hakutazami, na mikono yako ina kazi. Maneno mazito hutoka katikati ya msuko wa tatu au wa nne. Ukisikia neno zito, endelea kusuka. Ukiacha na kumgeuza, ananyamaza.

Baba aliyeko dago, kambi ya wavuvi, au anayefanya kazi mbali apige simu aombe kuzungumza na mtoto huyu, na asimuulize habari za mwenzake mpaka mtoto azilete mwenyewe.

Yanayoharibu hatua hii:

- Kuugeuza muda kuwa ukaguzi wa madaftari au wa sura aliyohifadhi chuoni. Hayo yana wakati wake.
- Kukatiza kila mwenzake akilia. Kubalianeni sababu tatu tu za kukatiza: degedege, kupaliwa, kuumia. Kilio cha kawaida ni cha yule mtu mzima wa pili. Ukikatiza kwa haki, lipa deni kabla ya Magharibi ya kesho.
- Kuutumia kama adhabu. "Leo hatukai kwa kuwa umekosa" inamthibitishia kile alichokuwa akikiogopa.

*Utajua umefaulu* atakapoanza kukukumbusha. Wiki ya kwanza wengine hununa au hujaribu kukuudhi waone kama utaondoka. Kaa mpaka kengele ilie.

## Hatua ya 3: Mweleze ulemavu kwa kadiri ya umri wake

Andika maneno kabla ya kuyasema. Mzazi anayebabaika mbele ya mtoto anamfundisha kuwa jambo hili ni la aibu. Sema sababu uliyoambiwa hospitali. Kama haikujulikana, sema "madaktari hawakuijua".

Chini ya miaka 6: sentensi tatu zinatosha. "Miguu ya kaka yako haifanyi kazi kama yako. Hakuna aliyemfanya hivyo. Wewe hutaambukizwa."

Miaka 7 mpaka 11: eleza mwili. "Ubongo ndio unaoamrisha mikono na miguu. Ubongo wake uliumia wakati anazaliwa, ndio maana amri zinafika zimechelewa au hazifiki. Anakusikia, na mengi anayafahamu."

Miaka 12 na zaidi: mpe jina la hali yenyewe, jina la dawa na kazi yake, na lipi linatarajiwa kubadilika na lipi halitabadilika. Wengi wa umri huu wanawaza kimyakimya kama watoto wao watazaliwa hivyo. Kuna hali zinazotembea katika ukoo na kuna zisizotembea. Mchukue siku ya kliniki amuulize daktari mwenyewe.

Maswali manne yatakuja, hata kama mtoto hayatamki: Ni mimi niliyesababisha? Nami nitapata? Atapona? Kwa nini yeye? La kwanza lijibu bila kuulizwa. Mtoto aliyewahi kumsukuma mwenzake, au aliyechukia mama alipopata mimba, anaweza kukaa na hatia hiyo miaka.

Kwenye "kwa nini yeye", wengi hujibu kuwa ni kudra ya Mwenyezi Mungu, wakaishia hapo. Jibu ni la kweli na limewatuliza wazee wetu, lakini mtoto wa miaka 7 anabaki akijiuliza nyumba yao imekosa nini. Anza na kudra, kisha malizia na mwili.

Na barazani atasikia mengine: karogwa, kapandwa na shetani, mate yake yanaambukiza. Umtangulie. Mwambie kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakiambukizi kwa mate wala kwa kushikana, na umfundishe la kufanya:

1. Mwite mtu mzima kwa sauti.
2. Ondoa vitu vigumu karibu, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa.
3. Mlaze ubavu ili mate yatoke.
4. Usimtie kitu mdomoni: si kijiko, si kidole, si maji.
5. Tazama saa. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajazindukana, mtu mzima ampeleke hospitali.

Fanyeni mazoezi kwa mchezo, mmoja akijilaza mkekani. Mtoto anayejua la kufanya anaogopa kidogo kuliko anayefukuzwa chumbani.

*Utajua umefaulu* ukimsikia akimweleza bibi yake au rafiki kwa maneno yake mwenyewe, bila kujitia yeye ndani ya sababu. Rudia kila mwaka. Aliyoelewa akiwa na miaka 6 hayamtoshi akiwa na 9.

## Hatua ya 4: Mpe maneno ya njiani, na uzungumze na skuli

Mtoto asiye na jibu hupigana au hujificha. Mpe majibu mafupi ayahifadhi: "Ana mtindio wa ubongo, hauambukizi." "Ana jina lake, mwite kwa jina." "Kamuulize mama, mimi nakwenda chuoni." La tatu ndilo linalotumika zaidi, kwa kuwa linamruhusu aondoke. Wewe jifanye mchokozi, yeye ajibu, mubadilishane. Usimwambie "mtetee nduguyo": umemtwisha vita vyako.

Nenda skuli uonane na mwalimu wa darasa, kisha kwa maalim wa chuo. Kama watoto wote wawili wanasoma skuli moja yenye elimu mjumuisho, kuna jambo la kuomba waziwazi: asitolewe darasani kwenda kumtuliza au kumbadilisha mwenzake. Walimu hufanya hivyo kwa nia njema, kwa kuwa yeye ndiye anayemjua. Acha nguo za akiba na namba ya simu ya mtu mzima anayeweza kufika.

## Hatua ya 5: Sanduku, hasira na haki

Mpe sanduku lenye kufuli, ufunguo mmoja wake na mmoja wako. Madaftari, msahafu wake, rangi na pesa za sikukuu vikae humo. Kikichanwa kitu kilichokuwa nje, wazazi walipe siku hiyo hiyo bila kumuuliza kwa nini alikiacha.

Siku moja atasema "namchukia". Usijibu kwa "Mungu atakuadhibu", kwani hasira haiondoki, inajificha tu. Jibu lenye kufaa linafanana na hili:

— Namchukia! Kila siku yeye!

— Umekasirika kwa sababu kachana daftari lako la hesabu.

— Na nyinyi hamumfanyi kitu.

— Kweli, leo hatukufanya kitu. Daftari nitanunua. Na yeye nitamzuia mkono na kumwambia hapana. Hasira zako ni zako, ila kumpiga hapana.

Ahadi hiyo uitimize. Mtoto mwenye ulemavu naye awe na mipaka anayoiweza: azuiwe mkono, aambiwe neno moja "hapana", asogezwe mbali. Maneno "yeye hajui" yasemwe pale tu ambapo kweli hajui. Mara nyingi anajua, na nduguye ameshaliona hilo zamani.

Kaa macho kwa mtoto mwema kupita kiasi, asiyeomba kitu, asiyelia, anayesifiwa na mtaa mzima. Huyu husahauliwa kwanza. Dalili za kutosubiri: aliyeacha kukojoa kitandani ameanza tena, hali chakula, halali, anajiumiza, anamuumiza mwenzake kwa siri, au anasema bora asingekuwepo. Anza kituo cha afya cha karibu uombe rufaa ya mtaalamu wa afya ya akili. Unguja huduma hiyo ipo pia Hospitali ya Kidongo Chekundu. Ukihisi kuna udhalilishaji, piga simu 116, huduma ya simu kwa watoto, au nenda kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliodhalilishwa. Kimojawapo kiko Hospitali ya Mnazi Mmoja.

## Hatua ya 6: Safari za hospitali na siku za sikukuu

Nyumba nyingi za Pemba zinaijua: rufaa ya Mnazi Mmoja imetoka, mama na mtoto wamepanda boti asubuhi, na aliyebaki anaamka anaambiwa "wamekwenda Unguja". Anakaa wiki mbili kwa jirani bila kujua kama mwenzake yu hai. Andika mpango mapema, ukurasa mmoja, ubandikwe ukutani:

- Atalala kwa nani, na nani atampikia.
- Sare ya skuli, nguo za chuoni na nauli viko wapi.
- Simu itapigwa saa ngapi. Chagua baada ya Magharibi, kila siku, hata kama hakuna jipya. Kama hali ni mbaya sema "hali yake ni nzito leo, madaktari wako naye". Kimya kinamtisha zaidi.
- Kitu kimoja cha mama atakachobaki nacho, kanga kwa mfano. Wadogo hulala nayo.

Asiondoke mtu bila kumuaga, hata kama ni saa 11 alfajiri. Muamshe.

Sikukuu inakwama kwa namna nyengine. Nguo zinanunuliwa sawa, kisha jioni nyumba nzima haitoki kwa kuwa mwenye ulemavu hawezi zogo la viwanjani. Gawaneni: siku ya kwanza ya Iddi mzazi mmoja abaki, mwengine atoke na ndugu, siku ya pili mubadilishane. Mtoto mwenye ulemavu atolewe pia, mapema kabla watu hawajajaa. Ramadhani mwenye kifafa aendelee na dawa kama daktari alivyopanga, na ndugu asifanywe mlinzi wa nyumba wakati wengine wako tarawehe.

## Hatua ya 7: Mkutanishe na wenzake

Watoto watano mpaka wanane, kila mmoja mwenye ndugu mwenye ulemavu, umri usipishane sana, saa moja na nusu, mara moja kwa mwezi. Mchezo kwanza, chakula katikati, mazungumzo mwisho kama yatakuja. Mtu mzima mmoja tu, na asihutubie. Familia nyengine utazipata kupitia sheha (kiongozi wa shehia yako), Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar (ZAPDD) au Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar (UWZ).

## Hatua ya 8: Zungumzeni nani atamtunza baadaye

"Wewe ndiye utakayemtunza tukifa" husemwa mbele ya wageni kama sifa. Mtoto wa miaka 14 anaisikia kama hukumu: hatasoma mbali, na mume au mke atakayekuja lazima akubali kwanza. Acheni kuisema.

Badala yake kaeni wazazi, ami, mashangazi na wajomba, na mkubwa wa watoto awepo kama msikilizaji. Andikeni nani yuko tayari kukaa na mtoto, nani atachangia pesa, na mali gani itamfaa. Kwa Muislamu mtoto mwenye ulemavu anarithi kama wenzake. Wasia hauvuki thuluthi ya mali wala haupewi mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Kwa hiyo anayetaka kumwekea mwanawe shamba au chumba cha kukodisha azungumze mapema na Kadhi, au na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, juu ya hiba (mali anayoitoa mtu akiwa hai) na msimamizi wake.

Kisha mwiteni ndugu peke yake mumwambie yaliyoandikwa, na mumuulize yeye angependa kushika sehemu gani. Akisema hajui, iandikeni hivyo hivyo, na mumuulize tena mwakani.